Taylor Swift alisainiwa kama mtunzi kabla ya kupata lebo ya kumrekodi: mjadala kwa vijana wa Tanga wanaoandika nyimbo zao wenyewe

Mkazi wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Katika uzi mmoja wa jukwaa hili la muziki, kijana mwenzetu wa hapa Tanga aliomba ushauri. Anatunga nyimbo zinazohusu maisha yake, na kila akizipeleka studio anaambiwa aachane na mambo ya kwao, akatafute kiitikio cha kuchezeka. Wachangiaji wengi waliungana na wenye studio. Mmoja akamtolea mfano wa Taylor Swift, akisema kwamba yule Mmarekani alipata jina kwa kuanika wapenzi wake hadharani, jambo ambalo kwetu ni aibu. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini mfano ule ulitumika kinyume. Ukiifuata habari ya binti yule tangu mwanzo, utakuta kwamba siri zake ni kipande kidogo tu. Kikubwa ni kwamba aliishika kalamu akiwa mtoto, akakataa kumwachia mtu mwingine, na milango mingi iliyomfungukia baadaye ilifunguliwa na kalamu hiyo.

Swift alizaliwa tarehe 13 Desemba 1989 katika jimbo la Pennsylvania, na sehemu ya utoto wake aliishi katika shamba la miti ya Krismasi. Alipokuwa na miaka 11 mama yake alimpeleka Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri, akapita ofisi za lebo mlango kwa mlango akigawa rekodi alizoimba nyimbo za watu wengine kwa midundo ya karaoke. Hakuna aliyemtaka. Naomba tusilipite jambo hili haraka, kwa sababu sauti ilikuwa ni ile ile na bidii ilikuwa ni ile ile, lakini kwa nyimbo za kuazima alikuwa mmoja tu kati ya watoto wengi wanaoimba vizuri. Akarudi kwao, akajifunza gitaa akiwa na miaka kama 12, akaanza kutunga.

Baadaye lebo kubwa ya RCA ilimpa mkataba wa kumlea. Ulipofika wakati wa kuamua, wakubwa wa lebo walitaka aendelee kusubiri mpaka afikie utu uzima, naye akaondoka. Wapo waliomwona amerukwa na akili, mtoto wa shule kuipa kisogo kampuni ya namna ile. Hoja yake, kama alivyoieleza mwenyewe baadaye, ilikuwa kwamba alitaka nyimbo za miaka yake ya shule zitoke akiwa bado yumo ndani ya miaka hiyo, kwa kuwa wimbo wa msichana wa miaka 15 ukitolewa akiwa na miaka 20 unakuwa kumbukumbu tu. Mwaka 2004 familia ilihamia Hendersonville, jirani na Nashville, na kampuni ya Sony/ATV, ambayo kazi yake ni kusimamia haki za watunzi, ikamsaini akiwa mdogo kuliko mtunzi yeyote iliyewahi kumsaini. Mkataba huo ulikuwa wa uandishi wa nyimbo, na lebo ya kumrekodi ilikuwa bado haijapatikana.

Ratiba yake ya kipindi kile ndiyo ningependa vijana waitazame. Asubuhi alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Alasiri mama yake alikuwa akimchukua shuleni na kumpeleka mjini, katika vyumba vya kuandikia nyimbo, ambako aliketi na watu wazima wenye kazi zao redioni. Mmoja wao, Liz Rose, amekuwa akieleza kwamba kazi yake pale kwa sehemu kubwa ilikuwa uhariri: msichana anaingia na jambo lililomtokea siku hiyo, tayari lina mistari na melodi, na yeye anamsaidia kupunguza yasiyo ya lazima. Kwa maana nyingine, alikuwa na kiwanda cha kuandika muda mrefu kabla ya umma kumsikia.

Mwaka 2005 aliimba katika Bluebird Cafe, ukumbi wa viti visivyofika 100 ambako watunzi hukaa na magitaa yao na kuimba walichokiandika wenyewe. Huko alionwa na Scott Borchetta, aliyekuwa anaanzisha lebo ya Big Machine. Wimbo wa kwanza ulitoka Juni 2006 na albamu ikafuata Oktoba mwaka huo. Nyimbo zote 11 zilikuwa na mkono wake, na 3 aliziandika peke yake. Moja kati ya hizo 3 aliitunga kwa ajili ya onyesho la vipaji shuleni kwao, nayo ikafika namba 1 katika chati ya kantri ya Billboard, akawa mtu mdogo kuliko wote kufika hapo kwa wimbo aliouandika na kuuimba peke yake. Tukumbuke kwamba lebo wakati ule ziliamini wasikilizaji wa kantri ni watu wazima, na kwamba vijana wa shule hawana habari na muziki huo. Vijana walikuwepo. Hakuna aliyekuwa amewaandikia.

Mengine yanajulikana, nitayapitia upesi. Albamu ya pili, Fearless, ilitoka Novemba 2008, na Januari 2010 ikampatia tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka akiwa na miaka 20, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwahi kufanywa na mtu wa umri huo. Maneno yakaanza kwamba wanaomwandikia ni watu wazima anaoketi nao. Jibu lake lilikuwa albamu ya tatu, Speak Now, ya mwaka 2010, ambayo nyimbo zake zote 14 aliandika peke yake bila hata mtu wa kumhariri. Iliuza nakala zaidi ya milioni 1 katika wiki ya kwanza nchini Marekani.

Karibuni tujadili. Naomba tusitoke nje ya mada.

Bwana Mkonge

Mkuu, uzi ni mzuri, lakini umeruka jambo ambalo kijana wa Tanga atakutana nalo kabla ya hayo yote. Baba wa binti huyo alikuwa dalali wa hisa. Familia nzima ilihama jimbo kwa ajili ya ndoto ya mtoto mmoja, na lebo hiyo ya Big Machine ilipoanza, baba alinunua hisa zake, zinazoelezwa kufika asilimia 3. Mtoto wa Mabawa au wa Mikanjuni ambaye nauli ya kwenda Dar es Salaam kufanya mahojiano redioni ni mtihani, utamwambiaje kwamba kalamu peke yake inatosha? Leo tunasoma kuwa ziara yake ya 2023 hadi 2024, yenye maonyesho 149, iliingiza zaidi ya dola bilioni 2. Fedha za namna ile zina mitambo nyuma yake, mkuu, kuna mameneja, wanasheria, vyombo vya habari na majukwaa yanayobebwa na misafara ya malori. Tusiwadanganye vijana wetu kwa daftari na kalamu.

Mkazi wa Ngamiani

Bwana Mkonge, hoja yako ni ya kweli na sikukusudia kuificha. Fedha ya baba ilimnunulia ukaribu: nyumba iliyo jirani na Nashville, gari la kumfikisha mjini kila alasiri, na muda wa mama. Ukaribu ni jambo kubwa, na ndio unaowakosesha vijana wengi wa mikoani.

Lakini fedha hiyo na muda huo wa mama alikuwa navyo hata alipokuwa na miaka 11, wakati mama yake yumo ndani ya gari akimsubiri nje ya kila ofisi, na hakupata kitu. Nashville ilikuwa na mabinti wa matajiri wanaojua kuimba, na wengine walikuwa na wazazi wenye uwezo wa kuinunua lebo nzima. Kilichobadilika kati ya safari ya kwanza na mkataba wa uandishi ni kwamba safari ya pili alikuwa na kitu ambacho mtu mwingine hakuweza kukileta. Ziara ya dola bilioni 2 ilikuja karibu miaka 17 baada ya wimbo wa kwanza, na mitambo uliyoitaja ilijengwa juu ya nyimbo ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzihifadhi moyoni, neno kwa neno.

Sisemi kalamu inatosha. Nasema ndicho kitu pekee katika orodha yako ambacho mtoto wa Mikanjuni anaweza kuanza nacho jioni hii.

Mzee wa Chumbageni

Wanangu, marahaba. Nimesoma kwa utulivu, nami nina neno.

Mimi nimekulia katika taarabu ya mji huu. Wakati vikundi vya Black Star na Lucky Star vinavuma, Tanga ndiyo ilikuwa ikiamua pwani iimbe nini. Vijana wale waliacha yale makundi makubwa ya fidla kwa mtindo wa Misri, wakaingiza gitaa na besi, muziki ukachangamka, na Mombasa wakafuata nyayo. Marehemu Bi Shakila, aliyetutoka mwaka 2016, akifungua kinywa ukumbi unanyamaza. Ila mnapaswa kuelewa utaratibu wa kazi ile. Mara nyingi aliyeandika mashairi alikuwa malenga aliyekaa pembeni, pengine mtu wa ofisini au mwalimu, ambaye hata jina lake halikutangazwa ukumbini. Mwimbaji alipewa karatasi, akaitia roho. Na hata huyo malenga hakuwa akijiandikia mwenyewe. Watu walikuwa wakimfuata nyumbani, wanamweleza lililowasibu, na yeye analifumba.

Nenda kwenye harusi yoyote ya Ngamiani usikilize. Mwimbaji anaimba habari ya ua lililonyauka, hakumtaja mtu. Mara anainuka mama mmoja katikati ya ubeti, noti imeshikwa juu kwa vidole viwili, anatembea taratibu kwenda kumtunza mwimbaji, lakini njia anayoipita ni ile inayomfikisha mbele ya kiti cha mwanamke fulani, na hapo anasimama kidogo, anacheza, ndipo anaendelea na safari yake. Ukumbi mzima umeshaelewa. Hakuna jina lililotajwa na hakuna wa kumshitaki mwenzake kwa mjumbe. Hiyo ndiyo sitara yetu. Sasa mnapotuletea binti anayesimama jukwaani na kusema fulani aliniacha, mimi naona ni mila ya watu wengine. Kwao inawafaa, sisi itatuvunjia heshima.

Mkazi wa Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Umenifungulia mlango ambao nilikuwa nautafuta.

Ukiacha jina la mvulana mmoja alilolitaja waziwazi katika albamu ya kwanza, na jingine moja moja hapa na pale, Swift kwa kawaida hamtaji mtu. Anachokifanya kinafanana sana na hicho ulichokieleza. Kuanzia albamu ya 2006 hadi ile ya 2014, kijitabu cha mashairi kilichowekwa ndani ya kasha la CD kilikuwa na fumbo. Herufi ndogo na kubwa zilichanganywa katikati ya maneno mahali ambapo sarufi haikuzihitaji, na msikilizaji aliyekuwa na subira ya kuziokota zile zisizo za kawaida, moja baada ya moja, alipata ujumbe mfupi uliodokeza wimbo ule unahusu nini au nani. Wasichana walikuwa wakikaa sakafuni na penseli, wanaandika herufi pembeni, kisha wanabishana. Bi mkubwa yule mwenye noti mkononi na msichana yule mwenye penseli wanafanya kazi moja, ya kumkamilishia mtunzi sentensi aliyoiacha makusudi bila mwisho.

Nadhani hapo ndipo watu wanapokosea kumwelewa. Wanadhani watu walivutwa na siri. Lakini siri ikitangazwa yote haina wa kuifuatilia kesho. Walivutwa na vitu. Katika albamu yake ya 2012 upo wimbo ambao ndani yake kuna skafu iliyosahauliwa nyumbani kwa dada wa mpenzi, na mpenzi yule bado anayo. Hakuna jina. Skafu tu. Watu wameizungumzia skafu hiyo kwa zaidi ya miaka 10, kwa sababu kila mtu ana kitu chake kilichobaki kwenye nyumba ambayo hawezi tena kubisha hodi. Wimbo huo aliuandika na yule yule Liz Rose, ukiwa mrefu mno mwanzoni, wakaupunguza. Alipoutoa tena Novemba 2021 kwa urefu wa dakika 10, ulikwenda namba 1 katika chati kuu ya Marekani na kuwa wimbo mrefu kuliko wote uliowahi kufika pale.

Kwa hiyo mzee wangu, sitara yetu haijavunjwa. Tofauti niionayo ni moja, kwamba kwetu mwenye jambo, mwenye kalamu na mwenye sauti walikuwa watu watatu, na yeye aliwakusanya wote katika mtu mmoja. Ndiyo maana malipo nayo yalikuja mahali pamoja.

Mwalimu Mstaafu Pongwe

Naomba kuchangia kwa ufupi kuhusu hili la kwamba kuandika mambo binafsi ni mila ya watu wengine.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapa hapa Tanga. Alipofiwa na mkewe Amina aliandika shairi lenye jina la mkewe, akalichapisha, nasi tumelisomesha madarasani kwa miaka mingi bila mtu kusema kwamba ameanika ya ndani. Aliandika maisha yake mwenyewe kitabuni. Alimwandikia bintiye utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume utenzi wa Adili, wosia wa baba kwa watoto wake, ambao ni jambo la chumbani kabisa, na leo ni mali ya kila anayesoma Kiswahili. Na huyo huyo ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, ambaye katika nyimbo zake ulikuwemo wa kesi ya kweli ya mwanamke kutoka Bara aliyeuawa Unguja, na mji mzima ulijua unazungumzia nini.

Mzee wa Chumbageni, kwa heshima zote, wewe umeieleza mila moja ya pwani, nayo ni ya kweli. Ipo na ya pili. Kinachozitenganisha ni nia. Mafumbo ya ukumbini mara nyingi yalikuwa ya kumpiga mtu, na mwenye kumpiga mtu hujificha. Shaaban alikuwa akilia, na mwenye msiba hana sababu ya kuficha jina la marehemu wake.

Mzee wa Chumbageni

Mwalimu, hapo umenigusa. Lile shairi la Amina nalijua kwa moyo. Nakubali hoja ya nia. Ila kwa mapenzi ya watu walio hai bado nashika pale pale.

Binti Makorora

Shikamooni wazee, habari zenu kaka na dada. Mimi ni mmoja wa hao vijana mnaowazungumzia, ingawa siye yule aliyeomba ushauri.

Mama yangu ananunua samaki mwalo wa Deep Sea na kwenda kuwauza. Niliandika wimbo kuhusu alfajiri zake, namna anavyosubiri ngalawa akiwa amefunga kanga kichwani kwa ajili ya upepo, na namna anavyoweza kutambua kwa mbali, kwa jinsi chombo kinavyokaa majini, kama kimerudi na kitu au kimerudi kitupu. Nilipokwenda kurekodi, mtayarishaji aliniambia wimbo ni mzuri ila nitoe Deep Sea, nitoe ngalawa, mahali pa mama niweke mpenzi, kwa sababu mtu wa Mwanza au wa Mbeya hataelewa. Nikabadilisha. Wimbo ukawa kama nyimbo zote zinazopigwa kwenye daladala, na watu wa Mwanza hawakuusikiliza, na watu wa Makorora pia hawakuusikiliza.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Studio hiyo, ambayo sitaitaja, iliupandisha mtandaoni, na mahali pa mtunzi pakaandikwa jina la mtayarishaji. Nilipouliza nikaambiwa kwamba mwenye studio ndiye mwenye wimbo, kwa kuwa sikulipa gharama yote. Nimesikia kwamba Swift naye rekodi zake ziliwahi kuwa mikononi mwa watu wengine, kisha akaichukua tena kazi yake. Kaka Mkazi wa Ngamiani, naomba unieleze kwa lugha nyepesi, alifanyaje? Na kwetu inawezekana?

Mkazi wa Ngamiani

Dada, pole sana. Nitakueleza kwa urefu kwa kuwa hapa ndipo uzito wa kalamu unapoonekana, na ndipo vijana wengi wanapoumia.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani mashairi na melodi, kile ambacho ungeweza kukiimba ukiwa jikoni bila chombo chochote. Ya pili ni rekodi iliyofanywa studio, ambayo wenye kazi hiyo huiita masta, na nakala zote hutoka humo. Mali hizi zinaweza kuwa na wamiliki tofauti, na kila moja ina fedha yake.

Swift aliposaini na Big Machine akiwa na miaka 15, masta za albamu zake 6 za mwanzo zilikuwa za lebo, kama ilivyo desturi ya lebo nyingi. Mwaka 2018 aliondoka na kwenda Universal kwa sharti kwamba masta mpya zitakuwa zake. Mwaka 2019 Big Machine ikauzwa kwa kampuni ya Scooter Braun, mtu ambaye Swift alikuwa na ugomvi naye, na masta zile zikaenda pamoja na duka. Mwaka 2020 zikauzwa tena kwa kampuni ya uwekezaji ya Shamrock. Mwimbaji asiyejiandikia angebaki analalamika kwenye magazeti. Yeye alikuwa na haki ya utunzi, na muda wa mkataba uliomzuia kurekodi upya nyimbo za zamani ulikuwa umekwisha kwa sehemu kubwa. Akaingia studio, akaziimba upya. Mwaka 2021 zikatoka albamu 2 zilizorekodiwa upya, na mwaka 2023 nyingine 2, na wasikilizaji wakahamia kwenye rekodi mpya. Mei 2025 alitangaza kwamba amezinunua zile masta za zamani zote. Utagundua kwamba nguvu iliyomrudisha mezani ilitokana na yale madaftari ya shule, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwondolea haki ya kuwa mtunzi wa maneno yake.

Kwetu sheria ipo. Ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Kazi yako inalindwa tangu ulipoitunga, na ulinzi wa mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuisajili COSOTA si ndiko kunakokupa haki, ila kunakupa ushahidi, na kwenye ugomvi ushahidi ndio kila kitu. Kwa hiyo hata kama studio ina dai katika rekodi kwa sababu ya gharama, dai hilo halimgeuzi mtayarishaji kuwa mwandishi wa mashairi yako. Kama una daftari lenye rasimu, ujumbe wa simu ulioutuma kabla ya kurekodi, au sauti uliyojirekodi mwenyewe ukiwa nyumbani, viweke mahali salama, kisha waone wenye ofisi.

Na siku nyingine, kabla ya kusogelea kipaza sauti, andikeni karatasi moja: mashairi ya nani, melodi ya nani, biti ya nani, na mgawanyo wa kila mmoja. Mkiweka sahihi, mchukue nakala. Mtayarishaji anayekataa karatasi hiyo amekwisha kukuambia anachokusudia.

Kuhusu Deep Sea, rudisha. Rudisha na ngalawa. Msikilizaji wa Mbeya hahitaji kuujua mwalo. Anahitaji kuona kwamba wewe unaujua. Wagosi wa Kaya walipotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 walirapu kwa lafudhi ya Tanga na kwa mambo ya Tanga, na nchi nzima ikawasikiliza bila mtu kulalamika kwamba hajawahi kufika Ngamiani.

Bwana Mkonge

Hapo kwenye karatasi ya mgawanyo naunga mkono bila kipingamizi, maana ndipo kijana asiye na fedha anaweza kujilinda bila gharama.

Nina swali moja la mwisho. Mtu anayeishi kwa kuandika maisha yake, maisha yakiishiwa matukio anafanya nini? Au akishakuwa tajiri na matatizo yake hayafanani tena na ya watu? Wasanii wetu wengi albamu ya kwanza ni ya njaa, na ya pili ni ya magari.

Mkazi wa Ngamiani

Swali zuri, mkuu, na hata yeye lilimfikia. Mwaka 2020, watu wakiwa wamejifungia kwa sababu ya Korona, alitoa albamu iitwayo folklore, ambayo sehemu yake kubwa ni habari za watu wengine, baadhi wakiwa wa kubuni kabisa. Ndani yake zipo nyimbo 3 zinazosimulia kisa kimoja cha mapenzi ya vijana wa shule, kila wimbo ukiwa mdomoni mwa mmoja wa watu watatu wanaohusika. Msichana aliyesalitiwa anasema yake, wa pembeni anasema yake, na mvulana naye anajitetea. Mwaka 2021 ilipata Grammy ya albamu ya mwaka, na baadaye, mwaka 2024, akawa mtu wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara 4. Kwa maoni yangu, miaka ile ya kujiandika yeye mwenyewe ndiyo iliyomfundisha kumwandika mtu mwingine, kwa sababu alikwisha kujua kwamba skafu moja inatosha kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Mzee wa Chumbageni

Hizo nyimbo 3 za kisa kimoja, kwetu ni majibizano. Kikundi hiki kinaimba, kile kinajibu wiki ijayo, na watu wanajaza kumbi zote mbili kwa sababu wanataka kusikia upande wa pili. Sasa mmenisemesha lugha ninayoifahamu.

Binti Makorora, mwanangu, huo wimbo wa mama yako uandike jibu lake. Mwenye ngalawa naye ana ya kusema, hasa ile asubuhi anayorudi na chombo kitupu huku anawaona akina mama wamesimama ufukweni wakimhesabia.

Binti Makorora

Mzee wangu, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Beti za kwanza nimeshaanza. Je, niziweke hapa mnisaidie?

Mzee wa Chumbageni

Weka beti 2 tu tukutazamie mizani, maana vijana wa siku hizi vina mnavipata lakini mizani inawatupa mkono. Zilizobaki usimwonyeshe mtu humu mpaka COSOTA wawe wamekupa karatasi yako.